Shubiri ya Mkono wa Kulia

Kuhusu makwotabeki wenye mikono midogo, Mzee Roquemore alikuwa na neno moja tu: "Hapana."

Alilisema tena asubuhi ile, miguu juu ya meza, kikombe cha kahawa juu ya tumbo, katika chumba kisicho na dirisha ambamo sisi wasaka vipaji wa klabu tulishinda tukitazama mechi za vyuo za futiboli ya Kimarekani kwenye skrini. Uteuzi ulikuwa wiki inayofuata. Klabu zote thelathini na mbili za ligi zingepanga foleni, kila moja ichague vijana wake kutoka vyuoni kwa raundi saba, na ambaye hakuchaguliwa arudi kwao akatafute maisha mengine. Sisi tulibakiza nafasi moja ya kwotabeki, yule anayewatupia wenzake mpira, raundi ya mwisho, na majina mawili.

La kwanza lilikuwa Brantley Cuthbert, mrefu kama nguzo ya goli, mwenye viganja kama sepetu. Kasoro yake ni kwamba mvua ikinyesha aliwagawia wapinzani mipira kama mtu anayegawa peremende kwa watoto.

La pili lilikuwa Torrin Haugland, wa chuo kidogo huko Dakota Kusini. Nilimpenda Torrin bila aibu yoyote. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uliotangulia, nikiamini kwamba kazi yetu ni kumtafuta mtu mwema anayejua kutupa mpira, na huyu hapa nilikuwa nimempata. Katika mechi moja ya Novemba nilimwona akipiga magoti kumsaidia mwamuzi kutafuta filimbi iliyoanguka kwenye theluji. Nikaliandika hilo katika taarifa yangu. Mzee Roquemore alilikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Tunatafuta kwotabeki, si mkwe."

Tatizo la Torrin lilikuwa shubiri. Kwetu kwotabeki hupimwa urefu, uzito, mbio, na kisha shubiri ya mkono, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa mpaka viume. Inchi tisa, wewe ni mwanamume. Chini ya tisa, mpira wenye barafu utakuponyoka. Torrin alipimwa inchi nane na robo tatu, na kwake shubiri hiyo ilikuwa chungu kama ile shubiri nyingine ya dawa.

"Lakini mzee, amecheza kwenye theluji miaka minne," nikasema. "Mpira haujamponyoka hata mara moja."

"We profesa, nisikilize. Zamani nilimpendekeza kijana wa inchi nane na nusu. Mechi ya kwanza ya Desemba, mpira ukamponyoka kama sabuni bafuni. Wiki iliyofuata na mimi kazi ikaniponyoka. Hapana ni hapana."

Nikarudi kwenye skrini, nikiwa na huzuni ya mtu anayemtazama rafiki akipakia mizigo. Nilijua kinachomngoja Torrin asipochaguliwa. Mjomba wake alikuwa na ghala la nafaka, na ufunguo wa lori ulikuwa tayari umetundikwa ukutani ukimsubiri. Pale mezani kulikuwa na picha aliyopigwa siku ya vipimo, mkono umelazwa juu ya ubao wa kupimia. Nikaitazama picha. Nikatazama skrini. Nikaitazama picha tena.

"Mzee. Torrin anatupa kwa mkono gani?"

"Shoto. Hata shangazi yangu kipofu anajua."

"Na hapa wamepima mkono gani?"

Mzee Roquemore akashusha miguu kutoka mezani. Akavaa miwani. Katika picha, kiganja kilikuwa kimelazwa chini na kidole gumba kikiwa upande wa kushoto. Tena kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kama ndoana.

"Ule ubao," akasema polepole.

Ubao ule wa kupimia nilikuwa nimewahi kuuona. Una kigingi cha kuegemeza kidole gumba, na kigingi kiko upande mmoja tu, kwa sababu aliyeuchonga hakuwahi kufikiria kwamba Mungu ameumba watu wa mkono wa kushoto.

"Klabu thelathini na mbili!" nikasema. "Sote tumemtazama akitupa kwa kushoto tangu Septemba. Hakuna hata mmoja aliyeona?"

"Kila mmoja alidhani jirani yake ameangalia. Ndivyo kazi hii inavyofanywa, profesa. Ulikuwa hujui?"

"Basi twende tukaupime mkono wenyewe! Huu wa kulia umevunjika kidole, mzee, tazama. Kidole kilichopinda kinakula robo inchi nzima. Wa kushoto lazima ufike tisa."

Akazungusha kahawa kikombeni.

"Sikia. Ikifika tisa, nitaliweka jina lake juu ya Cuthbert, na meneja nitamwambia mwenyewe. Ikipungua hata unene wa unywele, usinitajie tena jina hilo mpaka nizikwe."

"Nimekubali."

"Na ile filimbi usinitajie."

Tukapanda ndege hadi mji wa Sioux Falls, huko kwao Torrin, tukakodi gari, tukaendesha katikati ya mashamba meupe. Ilikuwa Aprili, lakini theluji ya huko haijui kusoma kalenda. Mzee Roquemore, mtu wa Louisiana, kusini kwenye joto, alivaa makoti mawili na kuuliza kila baada ya shamba: "Watu wanaishi huku kwa hiari?" Mimi nilikuwa na futi ya fundi cherehani mfukoni, nikiipapasa kama hirizi. Nilikuwa naenda kumwondolea mtu dhuluma. Sijui kama kuna raha inayoizidi hiyo.

Mama yake Torrin, Bi Marlys, alitupokea mlangoni akiwa na aproni.

"Mtakula," akasema.

"Asante mama, tumeshakula," nikajibu, maana nilifundishwa kwamba watu wa huko hukataa mara mbili kabla ya kukubali.

"Mimi sijala," Mzee Roquemore akasema, na akawa wa kwanza kukaa mezani.

Torrin akatoka jikoni amebeba bakuli la nyama ya kusaga na viazi, jibini likitokota juu. Alikuwa mpana wa mabega na mwekundu wa masikio, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya glavu nene ya jikoni yenye picha ya kuku. Akaweka bakuli, akatusalimu kwa mkono wa kulia, akakaa. Glavu hakuivua.

"Karibuni sana, wazee," akasema. Mimi nilimzidi mwaka mmoja.

Akaanza kula kwa mkono wa kulia. Kijiko cha kwanza kiliishia kwenye shati. Cha pili kikamwangukia mbwa, ambaye alikuwa amekaa pale kana kwamba aliambiwa mapema. Nikasema moyoni: tazama alivyo na haya, maskini, mkono ule umedharauliwa mpaka anauficha.

"Mwanangu, hujagusa chakula," Bi Marlys akaniambia.

"Mama, kwanza nina habari njema." Nikasimama. "Torrin, ulipimwa mkono usio wako. Yaani, ni wako, lakini si ule. Kosa ni letu sote. Leo tumekuja kulisahihisha."

Nilitegemea furaha. Torrin akamtazama mama yake. Bi Marlys akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Aa, msijisumbue," Torrin akasema. "Safari ndefu yote hiyo. Kuna keki."

"Si usumbufu hata kidogo!"

"Keki ni ya ndizi," Bi Marlys akaongeza.

"Kijana," Mzee Roquemore akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani, "mvue kuku."

Torrin akavua glavu. Akaweka mkono mezani, vidole vyote vimenyooka vizuri, mkono mzuri kabisa wa kibinadamu. Nikatandaza futi yangu kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Nikasoma. Nikaigeuza futi, nikidhani nimeishika kichwa chini. Nikasoma tena.

"Sema," Mzee Roquemore akasema.

"Inchi nane." Nikafuata mistari kwa kidole. "Na nusu."

Mkono wa kulia, pamoja na ndoana yake, ndio uliokuwa mkubwa.

"Ulijua?" nikamwuliza Torrin.

"Nilijua," akasema, masikio yakizidi kuiva. "Siku ya vipimo yule bwana aliniambia weka mkono hapa. Nikaona kigingi kimewekwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Nikasema kimoyomoyo, Torrin, nyamaza."

"Hakuna aliyemwuliza," Bi Marlys akadakia, kidevu juu. "Nyumba hii hatusemi uongo. Lakini hatujibu tusichoulizwa."

"Na hicho kidole?" nikauliza, kwa kuwa sikujua la kusema.

"Mlango wa lori la mjomba. Nikiwa darasa la sita."

Nikakaa. Niliona wazi nilichofanya. Kijana alikuwa na inchi nane na robo tatu zake, akiishi nazo kwa amani, nami nikavuka majimbo manne na futi mfukoni kuja kumnyang'anya robo. Kwa wema wangu. Machozi yalinilengalenga, na nikayasingizia mvuke wa bakuli.

"Samahani, Torrin," nikasema. "Nisamehe sana."

"Usijali. Ulikuja kwa nia nzuri." Akanisogezea bakuli, kwa mkono wa kushoto safari hii, na halikutikisika hata kidogo. "Kula basi. Mama atakasirika."

Mzee Roquemore alikuwa amekiweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na nikajua neno linalokuja ni lipi.

"Mechi ya mwisho msimu huu," akasema. "Ile ya tope. Mmebakiza sekunde chache, mko nyuma. Ulifanyaje?"

Torrin akakuna shingo. "Niliangalia kulia, mzee. Nikaangalia sana, kama vile nimemwona ndugu yangu aliyepotea. Mabeki wao wote wakakimbilia kulia."

"Halafu?"

"Halafu nikatupa kushoto."

"Kwa huo mkono wa inchi nane na nusu."

"Ndio huo huo. Sina mwingine wa kushoto."

Kikaanza kicheko. Kilianzia chini ya makoti mawili, kikapanda, na Mzee Roquemore akapiga meza mpaka vijiko vikaruka. Katika mwaka mzima nilikuwa sijamwona akicheka. Alichekea kwenye leso, akachekea kwenye mkono wa koti, akamshika bega Bi Marlys kama ndugu wa damu.

"Klabu thelathini na mbili!" akasema akihema. "Wasaka vipaji wa nchi nzima, na hesabu zao, na kamera zao! Kijana kawaangaliza kulia, wote tumekimbilia kulia! Na mimi mbele kabisa, mjinga mwenye miwani!" Akafuta macho. "Profesa, kwotabeki kazi yake ni nini?"

"Kumtafuta mwenzake aliye wazi na—"

"Kumdanganya beki bila kufungua mdomo! Mengine yanafundishika." Akamnyooshea Torrin kijiko. "Mwaka ule nilifukuzwa kwa sababu ya mkono wa nane na nusu. Mwaka huu wakitaka wanifukuze tena kwa huo huo, ila safari hii nitaondoka nikicheka. Mama, hiyo keki iko wapi?"

Tulikaa mpaka keki ikaisha, kisha tukaagana mezani, tukaagana sebuleni, tukaagana mlangoni, na tukaagana tena kupitia dirisha la gari, kama ilivyo desturi ya huko. Bi Marlys alinipa viazi vilivyobaki ndani ya chombo na kuniambia nikirudishe mwenyewe, asikione kikija kwa posta.

Siku ya Uteuzi, raundi ya saba, meneja wetu aliuliza chumba kizima kama kuna anayejua kwa nini jina la Haugland liko juu ya Cuthbert. Mzee Roquemore akajibu kwamba kijana ana mikono ya ajabu. Meneja akachungulia karatasi yake, akaona nane na robo tatu, akamtazama mzee kama mtu aliyekunywa.

"Unaamini hivyo kweli, Roquemore?"

"Naweka kazi yangu juu yake."

Jina likapelekwa. Nilipewa heshima ya kupiga simu, lakini nilipomsikia Torrin upande wa pili sikuweza kutoa sauti, na nyuma yake Bi Marlys alikuwa akipiga vigelegele vya kwao, ambavyo ni kusema "Haya basi" mara nyingi. Mzee Roquemore akaninyang'anya simu.

"Kijana. Umeipokea simu kwa mkono gani?"

Nikasogeza sikio.

"Wa kulia, mzee."

"Safi. Waache waendelee kuangalia huko huko."