Picha Isiyo na Mnyama

Kikohozi kilisikika kabla ya alfajiri, kifupi na kikavu, kutoka upande wa pili wa kitanda. Bibi hakushtuka. Miaka hamsini ya kulala na mume mmoja ilimfundisha kuvitofautisha vikohozi vyake: kuna cha vumbi, kuna cha baridi, na kuna hiki cha leo, cha mtu aliyekosa usingizi na asiyetaka kuulizwa.

"Anafika saa tatu," Bibi alisema gizani.

"Nani kakuuliza?" Babu akajibu, akageukia ukutani.

Mjukuu wao wa kike alikuwa hajakanyaga pale miaka mitatu. Mara ya mwisho alisimama sebuleni, akainyooshea kidole picha iliyo juu ya redio, akasema yeye anasomea kulinda wanyama na hawezi kunywa chai chini ya picha ya wauaji. Babu, ambaye ujana wake wote aliwatangulia wageni porini akiwasomea nyayo ili wapate cha kupiga, alimjibu neno moja tu: "Toka." Naye akatoka. Tangu siku hiyo salamu zilipitia simu ya Bibi, na Babu alijifanya hasikii, huku amepunguza sauti ya redio.

Sasa binti alikuwa na kazi kwenye nyumba ya makumbusho, na wakubwa wake walikuwa wanaandaa chumba kizima cha uwindaji wa zamani. Alipiga simu kuomba ile picha. Bibi alikubali upesi, kisha akakosa raha. Ataandika nini chini yake? Watu watapita na watoto wao, watasoma, na mzee wake atabaki ukutani kahukumiwa, hana hata mdomo wa kujitetea.

Zamani haikuwa hivyo. Gari la uwindaji likirudi, watoto walilikimbilia, wanawake wakaacha ndoo bombani wamwone mume wake kasimama nyuma, vumbi hadi kwenye kope. Lile shati lake la kaki Bibi alilifua mara tatu ndipo maji yatakate. Kwa kinyozi walimpisha mbele ya foleni. Siku hizi watoto wa jirani humwita Jangili, wakati hajawahi hata siku moja kuingia porini bila kibali. Wanatania tu, lakini Bibi ameona kwamba siku wanapotania, mzee hamalizi chakula.

Binti aliingia saa tatu kasoro, akavua viatu mlangoni.

"Mke mwenzangu huyo!" Bibi akamkumbatia. "Mbona umekonda? Huko makumbusho wanakulisha mifupa?"

"Tena ya kale, Bibi."

Akatoa chupa ya asali mkobani, akaiweka karibu na kiti cha Babu bila kusema ni ya nani. Bibi aliona. Miaka mitatu ya hasira, na kikohozi cha babu yake hakukisahau.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Babu alitazama dirishani. "Picha ile pale. Chukua."

Binti akapanda kigoda, akaitungua, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio wake. Kisha akaisogeza mwangani. Wanaume wanne walisimama mbele ya gari. Mgeni mwenye bunduki alikuwa kanuna kama kamwagiwa maji. Wawili wanacheka. Wa nne, Babu mwenyewe akiwa kijana, kajiziba mdomo kwa ngumi.

"Babu, mnyama yuko wapi?"

Babu aliendelea kutazama dirishani.

"Picha zote nilizokusanya zina mnyama chini na mtu kamwekea mguu. Hii haina."

"Siku ile ulikuwa huioni picha. Ulikuwa unaniona mimi."

Bibi akashindwa kuvumilia. "Mwambie, mzee. La sivyo nitamwambia mimi, na mimi nitaongeza chumvi."

Babu akajikuna kidevu, ndipo akaeleza. Kibali kilisema dume mzee, basi. Lakini mgeni aliyekaa porini wiki mbili bila kupata kitu huanza kuona kila kitu ni dume mzee. Siku ya picha ile, nyati jike alitoka kichakani na ndama wake, mgeni akainua bunduki, haambiliki.

"Ningemshika mkono, ningefukuzwa kazi hapo hapo. Nikakohoa. Nyati wakatimka. Wenzangu wakaniita Bwana Kifua, wageni wakaambiwa nina pumu."

"Ulikohoa mara ngapi?"

"Kila nilipoona jike na mtoto."

Binti alicheka, halafu akajifuta macho kwa mtandio ule ule wenye vumbi la kioo.

"Usinifanye malaika," Babu alisema. "Wengi niliwaonyesha kwa kidole hiki, wakaanguka. Na ada za vibali vile ndizo zilizowalipa askari wa wanyamapori. Wageni walipokoma kuja, askari nao wakaondoka. Pori lile sasa ni mkaa mtupu."

"Kuna mapori mengine, Babu, wageni wanakuja na kamera tu, na askari wapo."

"La kwetu lilikuwa miiba na mbung'o. Nani apande ndege kuja kupiga picha miiba?"

Binti hakujitungia jibu; alitoa daftari mkobani. Bibi alimpenda zaidi kwa hilo.

"Sasa chini yake niandike nini?"

"Yote. Kwamba niliua. Na kwamba nilikohoa."

Akaandika kwenye daftari, akamsomea. Babu akamkatiza: "Si nyati wawili. Jike na ndama wake. Andika vizuri." Akafuta, akaandika upya.

Walipomaliza chai, Bibi aliifunga picha kwa taulo kuukuu. Juu ya redio ukuta ulibaki na mraba safi, mweupe kuliko rangi nyingine. Binti aliaga, akavaa viatu, akavuka uwanja hadi getini.

Nyuma yake Babu, kasimama mlangoni na chupa ya asali mkononi, akakohoa.

Binti akasimama, akageuka.

"Uje tena," Babu alisema. "Usingoje kazi ikutume."