Zamu ya Msoma Mita

Mtaani walimwita Mita, naye aliitika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiingia kwenye nyua za watu na daftari, tochi na kipande cha kitambaa. Huinama, hufunua kifuniko cha chuma, hupangusa vumbi kwenye kioo cha mita ya maji, husoma tarakimu, huandika, huyoo, kwenda zake. Watu walimjua kwa mgongo kuliko kwa uso. Kuna mama mmoja aliyemsalimu kila mwezi bila kukosa, lakini siku walipokutana dukani alimpita kama anayepita nguzo ya umeme. Mita hakumlaumu. Mtu aliyezoea kukuona umeinama, ukisimama wima unakuwa mgeni kwake.

Aliishi peke yake katika vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya pili. Mkewe alikuwa ameondoka zamani, bila ugomvi wala kelele. Alikunja nguo zake, akaaga, akaenda. Watoto hawakujaaliwa. Ndugu pekee aliyebaki naye ni dada yake mkubwa, mjane aliyekaa mji mwingine. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana dada huyo alimpigia simu kumuuliza kama amekula, kama amefua, na kama akili bado zimo kichwani.

Kompyuta aliipata kwa mpwa wake, binti wa huyo dada. Binti alinunua laptopu mpya, ile kuukuu akamletea mjomba wake pamoja na chaja iliyofungwa utepe mahali ilipochubuka. Akamfungulia ukurasa wa kuchezea sataranji, maana alijua mjomba aliupenda mchezo huo tangu ujana. Alitumia anwani yake mwenyewe ya barua pepe, neno la siri akaliandika yeye, akaiambia mashine ilikumbuke.

"Mjomba, wewe usijisumbue. Bonyeza hapa tu."

Mita akabonyeza hapo tu kwa miaka saba.

Kanuni za huko zilikuwa nyepesi. Kila mchezaji hupewa siku kumi za kuhamisha kete yake. Zikipita hajacheza, ameshindwa. Mwanzoni alicheza na hawa na wale. Wengi waliingia mitini walipoona wanazidiwa. Akabaki mmoja, mtu wa nchi ambayo Mita hakuweza kuionyesha kwenye ramani, mwenye jina la herufi na namba zisizotamkika. Mita akamwita Jirani. Hakujua kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Waliandikiana maneno machache kwa lugha ya shuleni ambayo wote wawili waliivunjavunja. Mchezo mzuri. Huku mvua. Huku theluji. Pole. Siku moja Jirani aliandika kwamba jino linamuuma, na Mita alizunguka kutwa nzima akisoma mita huku akiliwaza jino la mtu asiyemjua. Walikuwa wamecheza michezo thelathini na minne. Jirani alikuwa mbele kwa michezo tisa.

Basi Jumanne moja, saa kumi na moja jioni, Mita alikaa mezani na kikombe cha chai. Jirani alikuwa ameshacheza, na siku kumi za Mita ndiyo kwanza zimeanza kuhesabiwa. Aliiona njia ya kumpitisha farasi wake nyuma ya ngome ya Jirani, akatabasamu peke yake. Kabla hajabonyeza, umeme ukakatika, na mashine ikazimika, maana betri yake ilishakufa zamani. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo. Balbu ya jikoni ikapasuka. Kompyuta ikalia tiki, kioo kikawa cheusi, na harufu kama ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

Kesho yake alipotoka kazini alipitia duka la intaneti. Alijaribu neno la siri la kwanza, la pili, la tatu, akafungiwa nje. Akampigia mpwa wake.

"Eh, mjomba! Ile barua pepe nilishaifunga siku nyingi. Hilo neno hata mimi silikumbuki. Si ufungue ukurasa mwingine tu?"

"Nitafungua," Mita akasema. Lakini katika ukurasa mwingine angekuwa mtu mwingine, na jina lile la herufi na namba hakuwahi kulinakili popote.

Alhamisi akaipeleka kompyuta kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na meza yake ilijaa bisibisi ndogo kama vijiti vya meno. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifungua mfuniko wa chini, akanusa, akatikisa kichwa.

"Niachie. Njoo Jumamosi."

Jumamosi Mita alifika kabla duka halijafunguliwa. Fundi akamketisha kwenye kiti cha plastiki.

"Kaka, nitakwambia ukweli, maana naona umekuja mapema. Bodi imeungua. Naweza kuitengeneza, lakini kifaa kimoja lazima kiagizwe, na kazi yenyewe ni ya kuchomelea vitu vidogo kuliko mchele." Akataja bei. Ilikuwa karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa Mita. "Ukiongeza kidogo tu juu ya hiyo, unapata mtumba mzima wenye nguvu mara mbili ya hii."

"Je, vilivyomo humu vinaweza kuhamishiwa kwenye huo mtumba?"

"Zingine, ndiyo. Hii, diski yake imegandishwa kwenye bodi hiyo hiyo. Bodi ikifa, nayo imekwenda." Akapandisha miwani. "Na hata nikiifufua, nakuahidi miezi mitatu. Zaidi ya hapo tumwachie Mungu. Ungekuwa ndugu yangu wa damu ningekwambia usitengeneze. Kwani una kitu gani humo? Hesabu za kazi? Picha za marehemu?"

"Kazi naandika kwa kalamu."

"Sasa?"

Mita akaitazama mashine ilivyolala kifudifudi, matumbo nje. Aliona aibu kusema. Mwanamume wa miaka hamsini na minane, nusu ya mshahara, kwa ajili ya mchezo? "Kuna vitu vyangu," akasema. "Nipe mpaka Jumatatu nifikirie."

Jumapili dada yake alipopiga, Mita alimweleza habari ya kuungua na bei.

"Tupa kule!" dada akasema. "Mdogo wangu, utatia kiraka juu ya kiraka mpaka nguo yenyewe isionekane. Nunua simu kubwa kama watu wengine, nami nikuone huo uso. Au umemficha mwanamke humo ndani?"

"Hakuna mwanamke."

"Ningefurahi angekuwepo. Umekula?"

"Nimekula."

Baada ya simu alikaa na karatasi, akaandika upande mmoja sababu za kutengeneza, upande wa pili sababu za kutotengeneza. Upande wa pili ulijaa upesi. Upande wa kwanza aliandika "Jirani", kisha akalitazama neno hilo, likaonekana la kitoto, akalikata. Jioni ile ilikuwa ndefu. Alisikia viti vikiburutwa nyumba ya juu, watoto wakigombana, mtu akicheka. Alikuwa ameishi chini ya watu hao miaka minne na hakujua hata mmoja wao anaitwa nani. Akalala akiwa ameamua kwamba dada yake na fundi wamesema kweli.

Jumatatu asubuhi ratiba yake ilimpeleka kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana, ukuta kwa ukuta. Nyumba ya saba ilikuwa ya mzee mmoja aliyeishi peke yake, mwenye desturi ya kuiacha redio ikisema. Siku hiyo redio ilikuwa kimya. Mita akafunua kifuniko, akapangusa kioo, akasoma. Akasoma tena. Akafungua ukurasa wa mwezi uliopita. Tarakimu zilikuwa zile zile, hadi ya mwisho. Mwezi mzima hakuna bomba lililofunguliwa ndani ya nyumba ile, hata la kunawa mikono.

Akagonga mlango, akagonga dirisha, akaita. Kimya. Akakimbilia nyumba ya pili, ambako mwanamke alikuwa akianika nguo.

"Mzee wa hapo umemwona lini?"

"Mzee? Yupo." Mwanamke akasita, nguo iliyolowa mkononi. "Au... Nilimwona juzi. Hapana, juzi ilikuwa mwingine. Hebu ngoja nikumbuke."

Hakukumbuka. Akamwita mumewe, naye hakukumbuka. Wakatoka majirani wa upande ule na wa upande huu, wakakusanyika mlangoni, kila mtu akiapa kwamba mzee yupo, ila hakuna aliyeweza kutaja siku. Wakawa wanazungumzia kuuvunja mlango, mara mwenye nyumba akafika, akashangaa kuona umati.

"Mbona mzee alihama? Mwanawe alikuja kumchukua, wiki ya tano sasa. Nilidhani amewaaga."

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akatania kwamba mzee ameondoka kama paka, wakacheka, wakatawanyika. Mwanamke akarudi kwenye kamba yake ya nguo. Mita peke yake ndiye aliyebaki uani. Alipaswa kufurahi kwamba mzee ni mzima, na kweli alifurahi, ila alikitazama tena kioo cha mita. Mtu ametoka ukuta kwa ukuta na watu, mwezi umekwisha, na kilichojua ni mita. Aliandika kwenye daftari, "Haijasogea", akafunika kifuniko.

Hakumalizia mtaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliacha nyumba kumi na moja bila kuzisoma, akaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Tengeneza," akasema.

"Umefikiri vizuri, kaka?"

"Nimefikiri. Naihitaji kabla ya Ijumaa."

Fundi alimtazama kwa miwani ya chini, halafu kwa ya juu.

Alhamisi saa tisa alasiri mashine iliwaka dukani, ikiunguruma kidogo. Mita aliibeba kifuani kama mtoto mwenye homa hadi nyumbani. Akabonyeza hapo tu. Ukurasa ukafunguka. Ubao wa mchezo ulikuwa kama alivyouacha, umebakiza siku moja hivi. Chini yake palikuwa na ujumbe wa Jirani, ulioandikwa Jumatatu. Neno moja tu.

"Upo?"

Mita akalisoma mara nyingi. Akavuta kiti, akaandika kwa vidole viwili: "Nipo. Mashine iliungua. Samahani sana." Kisha akampitisha farasi nyuma ya ngome, kama alivyopanga tangu mwanzo, na akakaa kungoja.

Ijumaa haikuleta jibu, wala Jumamosi. Jirani hakuwa na kawaida hiyo. Yeye alicheza kila siku mbili, hata jino lilipomuuma. Wiki ikapita. Kila alasiri Mita alirudi kazini, akanawa, akafungua, akakuta ubao umetulia. Aliandika tena: "Wewe upo?" Akaandika: "U mzima?" Siku ya kumi na moja alipofungua, palikuwa na maandishi makubwa ya kijani. Umeshinda. Muda wa mpinzani umekwisha.

Hakuwahi kushinda kitu kikamuuma vile. Alituma mwaliko wa mchezo mpya. Wiki mbili baadaye mwaliko ulikuwa bado pale, haujaguswa. Huenda Jirani alichoka kungoja, akatafuta mwingine. Huenda mashine yake nayo iliungua. Mambo mengine Mita aliyawaza akayakataa. Hakukuwa na mlango wa kugonga, wala mwenye nyumba wa kuuliza.

Jumatano moja alasiri, mkono ukiwa juu ya mashine, aliiacha bila kuifungua. Akachukua simu, akampigia dada yake.

"Nani amekufa?" dada akadakia.

"Hakuna aliyekufa. Nadhani hakuna."

"Leo si Jumapili! Wewe hujawahi kunipigia tangu simu ziumbwe. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepiga tu."

Akamweleza yote, tangu michezo thelathini na minne, jino, theluji, mita isiyosogea, hadi lile neno moja la Jumatatu. Dada hakumkatiza.

"Miaka saba," dada akasema hatimaye, "na hukuniambia."

"Ulikuwa unaniuliza kama nimekula."

"Ningeuliza nini? Wewe ni wa 'ndiyo' na 'hapana'." Sauti yake ikashuka. "Na mimi hapa, binti yangu yuko na maisha yake, nyumba nzima ni mimi na saa ya ukutani. Unafikiri kila Jumapili nakupigia kwa sababu ya chakula chako?"

Mita akafungua mdomo ajibu, na hapo salio likaisha.

Akabaki amesimama katikati ya chumba, simu bado sikioni. Nyumba ya juu waliburuta kiti. Hakuna kilicholia kwa dakika nzima, kisha dakika nyingine, naye hakukaa wala hakuiweka simu chini. Ilipolia, aliipokea kabla ya mlio wa pili.