Waliofutwa Majina

Jumatatu baada ya chai, katika chuo kimoja Kisumu, Profesa Oluoch aliwafundisha madaktari kufuta majina ya wagonjwa kwenye kompyuta. Ndiyo sheria ya utafiti: jina linatoka, namba inaingia. Walikuwa na faili za waliofia hospitali moja ya ufuoni. Walifuta hadi jua likashuka ziwani, ndipo wafu wenyewe, wenye faili hizo, wakaingia, wakasimama nyuma ya darasa.

Mamake Oluoch alikuwa kati yao, leso kiunoni, ananuka omena, dagaa wa ziwani.

“Karibu, Mama.”

“Mama wa nani? Mimi ni Sabini na Moja.”

“Wewe ni Aloo.”

“Huyo simjui.”

Oluoch aliendelea kufundisha, lakini moyo ulikuwa ufuoni. Zamani jina hilo liliitwa kutoka majini. Mitumbwi haijafika, wavuvi washapaza sauti: Aloo, leta beseni! Naye huitika kwa matusi matamu, ufuo mzima ukacheka.

Alhamisi binti wa Oluoch, Sheryl, alijifungua msichana kule mtaani Mamboleo. Mtoto alilia, akakataa titi. Hilo si geni kwa Wajaluo: kuna marehemu anataka aitwe. Wanawake walimtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, maana mtoto hunyamaza akisikia jina lake. Aloo walilirudia mpaka likachakaa. Kufikia Jumapili sauti ya mtoto ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

“Sabini na Moja,” alisema Oluoch.

“Baba Sheryl, wacha hesabu,” mkewe Seline alimkemea. “Mtoto anatuacha hapa.”

Lakini mtoto alikuwa amenyamaza. Akatafuta titi, akanyonya.

“Sasa padri tutamwambia nini?” aliuliza Sheryl.

“Hivyo hivyo,” alisema Seline, akipangusa jasho. “Wengine wameitwa mvua, wengine njaa. Namba imekosa nini?”

Aloo alikufa kwa sababu mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu. Hilo halikufutwa kwenye kompyuta, maana sheria hulinda jina tu. Madaktari walilichorea grafu nzuri, ikapelekwa Nairobi, ikapigiwa makofi. Mtungi haukujazwa.

Mwezi uliofuata waliosimama nyuma ya darasa walikuwa wameongezeka, wengine wakiwa bado na bendeji. Oluoch aliiomba idara viti. Viti vililetwa siku hiyo hiyo.