Ndara za Mguu Wangu

Mdogo wangu aliponipigia simu hakusema anakuja kuwaona. Alisema, "Dada, nakuja kuwachukua watoto." Nikamwambia karibu, nikakata simu, nikakata na suruali ya mteja mahali pasipotakiwa.

Watoto wenyewe ni wawili. Wa kike namwita Wakili, maana hakuna neno linalopita bila yeye kulipinga. Wa kiume ni Bonge, na ukimwona hutauliza kwa nini. Mama yao, huyo mdogo wangu, alikwenda kufanya kazi za ndani nchi ya watu Bonge akiwa hajaota hata jino. Baba yao tusimtaje, tutachafua hewa. Matumizi mdogo wangu alikuwa anatuma, sitamsingizia. Lakini homa zao niliziuguza mimi.

Wakili aliposikia habari alikuja kusimama mbele ya cherehani yangu, mikono kiunoni.

"Mama mkubwa, tutampa nini mama?"

"Mpeni shikamoo."

"Shikamoo siyo zawadi."

Ulimi ulinicheza. Mtu aliyekuacha na maziwa mdomoni anapewa zawadi ya nini? Nikameza. Mtoto hana kosa, na mimi nilikuwa na hesabu zangu. Mdogo wangu machozi yako karibu tangu utotoni. Nilijua akiona watoto walivyotulia hapa, akashika kitu walichoshona kwa mikono yao, moyo ungemlainika na angeniachia. Basi nikasema tumshonee ndara za kuvaa ndani.

Tulikaa sakafuni na gunia la vipande vilivyobaki kwa wateja. Soli tulikata kwenye suruali kuukuu ya jinzi, katikati tukaweka sponji ya godoro lililokufa. Juu Wakili alichagua mahameli ya bluu, akakataa rangi nyingine zote. Bonge alipewa gundi. Akajigandisha kitambaa tumboni, tukakibandua kwa maji ya vuguvugu huku anapiga kelele kama anachunwa ngozi, sisi tunacheka mpaka mbavu zinauma.

"Mguu wa mama ukoje?" Wakili akauliza, chaki mkononi.

Mimi ni fundi. Wateja wanaotaka niwakatie nguo kwa kukisia huwa nawafukuza. Lakini mguu huu nilikuwa na uhakika nao. Mimi na mdogo wangu tulikua tukivaa jozi moja ya viatu. Aliyewahi kuamka ndiye aliyevaa, mwenzake alikwenda peku.

"Chora wangu," nikasema. "Ni ule ule."

Akapiga magoti, akanishika kifundo, akauzungushia mguu wangu chaki. Bonge alilala kifudifudi kunilinda. "Usitingishike!" Nikaviangalia vile vichwa viwili pale chini na nikaona, nasema bila haya, kwamba ni vyangu.

Mishono ya Wakili ilikwenda upogo. Nilitaka kuifumua, akanikata jicho. "Hii kazi yangu, si yako." Bonge akagandisha vifungo viwili kila ndara, eti macho, zisipotee njia. Tulipomaliza zilikuwa mbaya kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye chumba changu cha kazi, na nisingemuuzia mtu yeyote.

Mama yao akaja. Alianza kulia mlangoni, begi likiwa bado begani. Bonge alijificha nyuma ya gauni langu akauliza kwa sauti, "Ndiyo huyu?" Niliona aibu. Nilifurahi pia, Mungu anisamehe.

Wakili akampa zawadi yake. Mdogo wangu akaketi, akavua viatu, na hapo nikaiona miguu yake. Vidole vimepandana, mfupa umechomoza pembeni, vifundo vimevimba. Ilikuwa miguu ya mtu anayeshinda amesimama kwenye sakafu za wenzake. Aliisukuma ndani. Vidole vikaingia, kisigino kikabaki nje. Akasukuma tena, na mishono ya Wakili ikaachia upande mzima.

"Mlimpima nani?"

"Mama mkubwa," Wakili akajibu.

Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, mguu wako?"

"Si tulikuwa tunavaa jozi moja?"

"Zamani hiyo."

Nikasubiri machozi yaje, na baada ya machozi, lile neno nililolitaka. Hayakuja. Alikuwa amekauka uso.

"Unaona? Hata mguu wangu hawaujui. Nikiwaacha tena, na sura wataisahau. Tunaondoka kesho."

"Uliondoka mwenyewe!" nikamfokea mbele ya watoto. "Nani alikufukuza?"

"Niliondoka ili wale," akasema taratibu.

Ni kweli walikula. Nilimchukia kwa kusema kweli.

Asubuhi mabegi yalikuwa mlangoni. Wakili akaja pale kwenye cherehani, ndara kifuani. Upande uliofumuka alikuwa ameushona upya, upogo vile vile.

"Mama mkubwa, naomba futi yako ya kupimia."

"Ya nini?"

"Tukifika nimpime mama vizuri. Hizi vaa wewe, zinakutosha."

Akaziweka chini, akazipanga mbele ya miguu yangu kama muuza viatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba fundi hakati bila kipimo. Nikaivua futi shingoni, nikamvisha. Akakimbilia kwa mama yake, na Bonge, aliyelia usiku kucha, alikuwa tayari amepakatwa anakula biskuti.

Mwenye suruali alikuja mchana. Nikamwambia arudi siku nyingine, sina cha kumpimia. Alipotoka nikafunga mlango, nikazivaa ndara. Zimenikaa barabara, mpaka kisigino.