Tapu ya Chumba cha Nyuma

Sauti ya Lisiate ilimfikia dada yake Losaline mara mbili. Kwanza ilipenya pazia la nguo ya magome lililoigawa nyumba, kisha, baada ya kitambo kidogo, ikatoka kwenye simu iliyokuwa mapajani mwake, ikiwa imeshakwenda Auckland kwa simu ya Lisiate na kurudi.

"Vika, mwambie shangazi yako mimi sijambo."

"Shangazi, Baba anasema hajambo," Vika akasema kutoka huko Auckland, mdomo umejaa mkate.

"Nimemsikia."

"Sasa kama umemsikia, mimi mnanitia katikati kwa nini? Mko nyumba moja! Mnalipa simu bure."

Losaline hakucheka. Alikuwa amechoka uchovu usioondoka kwa kulala, na harufu ya chumba cha nyuma ilikuwa imeshavuka pazia. Tangu Lisiate apigwe na kiharusi, Paea, kijana wa nyumba ya jirani, ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi kumwosha na kumgeuza. Jumamosi Paea alipanda meli pamoja na wanaume wengine wenye nguvu zao, wakaenda Australia kuchuma matufaha ya watu. Kijiji kilibaki na wazee wa mikongojo na mchungaji mwenye mgongo mbovu. Wanawake wa jirani walileta lu, nyama iliyopikwa ndani ya majani, na magimbi, wakasali, wakaondoka. Kumwosha mume wa marehemu rafiki yao hakuna aliyethubutu.

Nesi naye alikuwa mmoja kwa vijiji vitatu. Alipopita jana alifunua shuka, akaguna, kisha akaja kusimama mbele ya Losaline akiangalia sakafu. "Kile kidonda cha kiunoni kikiendelea kulowa, hatumalizi naye mwezi," alisema. "Tafuteni mtu." Hakusema mtu gani. Naye alikuwa Mtonga wa visiwa hivihivi, alijua nani amebaki ndani ya nyumba ile, na alijua kwa nini hawezi kumtaja.

Maana Losaline alipovunja ungo, Lisiate alihamishiwa kibanda cha wavulana, na tangu siku hiyo hawakuketi tena mkeka mmoja. Akiingia yeye, kaka anatoka. Redio ikianza wimbo wa mapenzi, kaka anaizima. Hakuna mzaha uliotamkwa mbele yao wote wawili, na mgeni aliyejisahau alitolewa nje kwa upole. Yalipokuwapo ya kusemezana, waliyasema uani, machache na ya heshima, kila mmoja akitazama upande wake. Uzee ulipowasukuma chini ya paa moja, wajane wote wawili, watoto wote ng'ambo, walitundika pazia wakaendelea vilevile. Na mambo ya mwili, hayo hayakuwa na mlango kabisa kati yao. Ndiyo sababu ya simu.

"Shangazi," Vika alisema, "ingia tu. Kweli, ingia. Jana nimewafundisha wanafunzi wangu neno letu hilihili, tapu, la miiko kama huu wenu. Hawakuamini kwamba ni letu. Nikawaambia mabaharia Waingereza walilisikia hapo kwetu zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakalipakia melini pamoja na viazi vikuu na nguruwe. Leo kila Mwingereza analo. Wanasema *tabuu*."

"Na wao wanalitumia kwa nini?"

"Kwa jambo ambalo watu wanaona haya kulitaja. Hedhi, kwa mfano. Au mshahara wa mtu. Ukimwuliza mtu mshahara wake huku, tabuu. Na watu wanazivunja kila siku, Shangazi, wanapigiwa hata makofi kwenye televisheni."

"Haya?" Losaline alisema. "Nani anaona haya?"

"Mimi naeleza tu lilivyo kwenye—"

"Hao mabaharia wako walikuwa na haraka." Hasira ilimpanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. "Nisikilize, wewe mwalimu. Baba yako hakutoka nilipoingia kwa sababu ya haya. Alitoka kama watu wanavyosimama malkia akipita. Mimi niliolewa na mwanamume aliyenipiga, Vika. Hukuwa unajua, sasa jua. Kila nilipoanza kuamini kwamba mimi si kitu, nilikutana na kaka yangu njiani, naye akashuka majanini, na mzigo wake begani, ili mimi nipite. Kiazi cha kwanza cha kila mavuno kilikuja mlangoni kwangu. Kawaambie wanafunzi wako hilo, uone kama watapiga makofi."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Losaline aliona vibaya; alikuwa amesahau kwamba na yeye anasikia.

"Basi niamuru," Vika alisema mwishowe, sasa bila mkate mdomoni. "Wewe ndiye shangazi. Ukisema njoo, nakuja. Sitakuuliza."

Na angekuja. Neno la shangazi halirudishwi, liwe limetamkwa shambani au simuni. Losaline alilisikia likiwa tayari ulimini, neno moja jepesi, na pamoja nalo akaiona kazi ya Vika ikipotea, na wale watoto wawili wakirudi kutoka shule kwenye nyumba isiyo na mtu. Akalimeza.

"Nani atawapikia wanao? Kaa huko."

"Vika." Lisiate ndiye aliyeita. Sauti yake ilikuwa nzito upande mmoja, kama mdomo wake. "Mwambie shangazi yako asubiri. Si muda mrefu. Nikifa atakaa kichwani pangu, ndipo mahali pa dada msibani. Hapo atanishika apendavyo."

Safari hii Vika hakuurudia ujumbe. Alilia tu, polepole, akiuweka mdomo mbali na simu.

Losaline aliinuka. Magoti yalimuuma, na uchovu wote wa miaka ya kuheshimiana kwa mbali ukaja kumkalia mabegani kwa pamoja. Alimpenda mtu yule kuliko wote aliowahi kuwa nao duniani, na hakuwahi kujua mkono wake wa uzeeni una ngozi ya namna gani.

"Mwambie baba yako nimechoka," alisema. "Sitangoja afe ndipo nimshike."

"Shangazi..."

"Mwambie."

Vika akamwambia. Maneno yakaenda Auckland, yakarudi nyuma ya pazia, na jikoni birika likaanza kuchemka.

"Mwambie," Lisiate akasema, "angoje kidogo."

Losaline alikata simu. Alisikia kitanda kikilia, mkono mmoja mzima ukihangaika na nguo. Alimimina maji kwenye beseni, akachukua sabuni na vitambaa. Kisha akauteremsha ukutani mkeka wake wa kuvaa kiunoni, ule wa kanisani na wa kwenda kwa machifu, akajifunga, akaukaza ukamba, akainua pazia.

Lisiate alikuwa amejifunika uso kwa shuka. Uso tu; mwili mwingine wote alimwachia.

Losaline alianzia miguuni. Kwenye unyayo wa kushoto palikuwa na kovu refu, jeupe, na mkono wake ukasimama hapo. Siku ile yeye alikuwa mgongoni kwa Lisiate, wadogo wote wawili, maji yakiwa yamekupwa, na kaka alikanyaga tumbawe asimwangushe. Alidhani kovu lilishafutika. Aliliosha kama alivyoosha pengine pote, bila kusema, akapanda goti, akapanda paja, akamgeuza kwa shida akiwa amejiegemeza kwenye ukuta, akakifikia kidonda. Shuka iliyofunika uso ilikuwa ikipanda na kushuka haraka.

"Losaline."

Jina hilo hakuwa amelisikia kinywani mwake tangu kibanda cha wavulana. Lilifika mara moja tu.

"Maji ni ya moto mno."

"Nisamehe, kaka," akasema, akaenda kuleta ya baridi.