Albamu Kumi, Mlango kwa Mlango

Hata saa tatu ya asubuhi haijafika, Mwanabaraka alikuwa amekwisha jaza nyimbo kwenye flashi tatu, ametoa fotokopi ya cheti cha mtu ambaye hajampenda tangu darasa la nne, na amegombana na mita ya umeme. Yuniti alizonunua juzi zilikuwa zimeisha, kana kwamba ndani ya kibanda kile mlikuwa na kiwanda cha barafu. Kumbe mlikuwa na kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayokohoa, feni na spika mbili. Akanunua umeme mwingine, akaulaani kwa sauti ya chini, akatoka nje kufuta vumbi kwenye ubao wake.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwaka, na mtaa mzima wa Dunda, pale Bagamoyo, ulijua maana yake. Mwaka wa tisa huu, kila Ijumaa ya namna hiyo Mwanabaraka alisimamisha ubao mweusi mbele ya kibanda, na juu yake kwa chaki akaorodhesha albamu kumi bora za wanamuziki wa nyumbani. Si wale wenye makampuni na mameneja. Hawa walikuwa watu wanaorekodi chumbani, godoro limesimamishwa dirishani ili jogoo wa jirani asiingie kwenye wimbo. Wao wenyewe humletea kazi zao auze. Kila albamu aliisikiliza mara tatu: akipika, akipiga pasi, na akiwa amekaa tu hana kazi. Albamu isiyovumilika na mtu aliyekaa tu, alisema, hiyo si albamu, ni kelele za kufukuzia kunguru.

Msidhani ilikuwa michezo. Kati ya Ijumaa hiyo na Ramadhani, harusi hupangana pwani yote mpaka watu wanagombea maturubai. Wenye shughuli zao walitoka Kaole, walitoka hata Msata, wakaja Jumamosi kuusoma ubao kabla ya kumwita mtu kuja kuimba. Asiyeonekana ubaoni hakuitwa, na shughuli zote zilichukuliwa na jamaa wa maspika makubwa anayepiga nyimbo zilezile tangu alipoyanunua.

Mwaka huu namba moja ilikuwa ya Esha, fundi cherehani wa Kaole, binti wa miaka ishirini na minne. Albamu yake iliitwa *Pindo*. Ngoma yake ilikuwa kanyagio la cherehani, na kayamba lake lilikuwa vifungo ndani ya kopo la maziwa. Mwanabaraka alipoisikiliza mara ya tatu, akiwa amekaa tu, alilia, na hakuona aibu kusema hivyo kwa wateja. Lakini nguo zilizoshonwa tayari zilikuwa zimemaliza kazi ya ushonaji, uzi umepanda bei, na mtu wa kuinunua ile cherehani alikuwa amekwisha patikana. Esha alimwomba asubiri mpaka Jumapili.

"Nikipata harusi mbili tatu tu, dada, siiuzi," alikuwa amemwambia Mwanabaraka. "Nisipopata, ndo basi tena."

Kwa hiyo Mwanabaraka aliandika jina la Esha kwa herufi kubwa kuliko mengine, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Hapo ndipo pikipiki iliposimama.

"Shikamoo mama," alisema kijana mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa. Aliitwa Mikdad, afisa mpya wa mabango wa halmashauri, na alikuwa na adabu, jambo ambalo liliudhi zaidi.

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Asante. Mama, hili bango lina kibali?"

"Bango lipi? Huu ubao."

"Chochote kilichoandikwa kikasimama nje kinaelekea barabarani ni bango, mama. Utaratibu mpya."

"Na ile 'Chapati Moto' ya jirani yangu?"

Mikdad aliitazama 'Chapati Moto', akaitazama saa yake. "Hiyo imebandikwa. Haijasimama."

Akaufunga ubao nyuma ya pikipiki kwa mpira, kwa upole kabisa, akaondoka nao. Jina la Esha likapita mjini likiwa kichwa chini, na aliyelisoma ni mbuzi tu.

Mwanabaraka alifunga kibanda akamfuata kwa miguu. Ofisini alimkuta mama mmoja mpole aitwaye Jasmin, anakula karanga. Jasmin akampa fomu. Fomu ilitaka jina, vipimo, rangi, na picha ya bango likiwa limesimama mahali pake.

"Lakini halijasimama," alisema Mwanabaraka. "Mmelichukua."

"Ndiyo, kwa sababu lilisimama bila kibali."

"Basi nipeni nikalisimamishe nipige picha."

"Dada yangu, ukilisimamisha bila kibali linachukuliwa."

Wakatazamana. Jasmin alikuwa wa kwanza kucheka, na Mwanabaraka naye akacheka, maana kulia kungemchelewesha. Mwisho Jasmin alimnong'oneza kwamba mwenye kusaini yuko semina mpaka tarehe tano, asihangaike. Akamwongezea na karanga.

Alirudi Dunda jua limekaa utosini, hasira zimemjaa mpaka kooni. Angeituma orodha kwenye simu? Aliwahi kujaribu: ilimezwa na video za paka na dua za kusambaza kwa watu kumi. Isitoshe wanaopanga harusi ni akina mama wa makamo, na wao husema kilicho kwenye simu ni uvumi.

Mlangoni pa kibanda alimkuta Bi Adila amekaa kwenye kiti cha wateja. Bi Adila alikuwa mwalishi. Miaka arobaini amepita nyumba za Bagamoyo akialika watu kwenye harusi na maulidi, kwa mdomo wake, jina kwa jina. Siku hizi watu huchapisha kadi, na kadi zenyewe huchapishwa na Mwanabaraka. Bi Adila hakumwekea kinyongo, ila hakuacha kulitaja.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevimba hivyo? Nani kakufia?"

Mwanabaraka akamweleza yote, na Esha, na cherehani. Bi Adila alisikiliza huku akijifunga vizuri mtandio.

"Kwani lazima iandikwe?" aliuliza.

"Sasa bila kuandika watu watajuaje?"

"Mimi nimealika mji huu mzima, hata huyo afisa wenu mama yake nilimwalikia arusi. Nani kaniuliza kibali cha mdomo? Hebu nitajie hao kumi."

Alitajiwa mara tatu. Mara ya kwanza alifumba macho, ya pili alihesabu kwa vidole, ya tatu alimsahihisha Mwanabaraka. Akataka kusikia na nyimbo, kwa sababu haalikii chakula asichokionja. Walipotoka watu msikitini, Bi Adila alikuwa amejitanda kanga mpya, anapiga hodi nyumba ya kwanza.

Jioni Mwanabaraka alipita kwa shangazi yake kupeleka dawa. Shangazi akamkalisha kwa heshima zote.

"Bi Adila kapita. Anasema wewe unatusalimia sana na unatwambia albamu za mwaka ni kumi. Ya kwanza ya Mzee Bwanausi, na kodiani lake."

"Mzee Bwanausi ni wa sita!"

"Wa kwanza," alisema shangazi. "Wa pili Sharifu wa kasida. Wa tatu..." akaendelea, mpaka akafika mwisho. "Na wa kumi, binti mmoja wa Kaole."

Mwanabaraka alimkuta Bi Adila barazani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Bi Adila, umenipindulia orodha!"

"Nimeipanga. Mwalishi huanza na wakubwa. Nimtaje mtoto wa juzi mbele ya Mzee Bwanausi? Watu wangesema sikulelewa."

"Lakini Esha ndiye wa kwanza! Mwaka mzima nimesikiliza!"

"Basi akue, atafika," alisema Bi Adila, akaomba aongezewe maji.

Mwanabaraka alimwongezea maji huku machozi yanamlenga. Mtu aliyevuliwa viatu na serikali, kisha akavuliwa kanga na rafiki, alijiambia, bora akalale mapema. Akaenda akalala na hasira zake.

Jumamosi alipofungua, foleni ilikuwa imefika kwenye 'Chapati Moto'. Mama mmoja wa Msata, aliyelala kwa dada yake hapo Dunda, alikuwa mbele.

"Namtaka yule wa mwisho," alisema.

"Wa mwisho?"

"Yule wa cherehani. Wale tisa tunawajua, bwana, Mzee Bwanausi aliniimbia mimi mwenyewe nikiolewa. Tukamuuliza Bi Adila, huyu wa kumi ni nani? Akakaa, akaomba maji, akatuimbia."

Nyuma yake akina mama wawili wakaanza, miguu ikikanyaga vumbi kama kanyagio:

*Shona taratibu shona, uzi usije katika.*

Foleni ikapokea. Kila nyumba ilikuwa imeuliza swali lilelile, na kila nyumba ilikuwa imeimbiwa. Mwanabaraka alimpigia Esha simu aje mbio. Alipofika, kanga imemlegea na jasho linamtoka, akina mama walimzunguka wakimgombea tarehe, mpaka Bi Adila akaingia kati kuwapanga, bila shaka kwa umri. Adhuhuri simu ya Esha ililia. Alikuwa yule mnunuzi.

"Hapana, kaka, siiuzi," alisema Esha. "Ndiyo ngoma yangu."

Mwanabaraka alifurahi mpaka yule mtu asiyempenda tangu darasa la nne alipokuja na cheti kingine, akamfanyia fotokopi bure.

Saa nane pikipiki ikasimama. Mikdad alishuka, akautazama ukuta, akaitazama barabara. Palikuwa hapana ubao, karatasi, wala chaki.

"Shikamoo mama. Mbona watu wengi hivi? Umeweka tangazo wapi?"

"Marahaba mwanangu. Sijaweka."

"Sasa hawa wote wamejuaje?"

"Wamealikwa, baba."

Mikdad akafungua kitabu chake cha makosa, akaanza kutafuta. Foleni ilisogea mbele, akabaki anatafuta.