Mifupa ya Mbuzi wa Akika

Mimi, Khalfani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kiranja mstaafu wa bweni na msema kweli mashuhuri, nawatangazia wakazi wote wa Mbagala kuwa sayansi imeingia mtaani kwetu na haki itatendeka.

Maneno hayo niliyatamka sebuleni kwa Bibi, nimesimama juu ya stuli. Kisha shemeji yangu akasema jambo moja, nikashuka.

Shemeji Jamali, mume wa dada Naima, anafanya kazi maabara. Wiki hiyo mteja mmoja alikuwa amemtuhumu Mzee Mwishehe, mwenye bucha mtaani kwetu, kuwa mbuzi anayemuuza ni punda. Jamali akajitolea kuipima nyama hiyo. Alitueleza kuwa protini za kila mnyama zina alama zake, na hata nyama ikipikwa pilau alama hubaki. Alihitaji tu nyama ya mbuzi wa uhakika ya kulinganishia.

"Ipo kwenye friji," alisema. "Iliyobaki kwenye akika ya mwanangu, tulipomchinjia mbuzi baada ya kuzaliwa. Ya yule mbuzi uliyempeleka machinjioni Vingunguti mwenyewe, shemeji."

Hapo ndipo niliposhuka kwenye stuli.

Yule mbuzi sikumfikisha. Nilimvisha tai ya shule ili nimpige picha, akachomoka nayo na kupotelea sokoni. Nikauza simu, nikanunua steki ya ng'ombe isiyo na mfupa, nikarudi na ndoo ya nyama. Mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi, huzikwa. Bibi alipoiulizia nilimwambia nimeshaizika kwa heshima zote. Aliniombea dua ndefu.

Siku mbili baadaye Jamali akasema nyama ya Mwishehe haifanani na mbuzi wetu. Yeye hakuongeza neno, mtaa ukaongeza. Watu walisimama mbele ya bucha, wengine na mawe mkononi. Mzee Mwishehe alikuwa amefunga visu vyake kwenye gazeti, ameketi mlangoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe unaniamini?"

Niliitikia kwa kichwa, nikaondoka mbio. Kila mbuzi aliyelia mtaani nilihisi anataja jina langu.

Kesho yake mchana Jamali akarudi na karatasi. Alikuwa amepima upya, akilinganisha na mbuzi aliyemshuhudia akichinjwa. Akaketi karibu na Bibi na kuongea polepole.

"Nyama ya Mzee Mwishehe ni mbuzi. Ya akika ndiyo ng'ombe."

Jamali akachukua jembe nyuma ya mlango, akaniwekea mikononi.

"Twende, shemeji. Katuoneshe ulipozika mifupa."

Nje nilisikia bati la bucha likipigwa jiwe la kwanza. Nikaliweka jembe chini.

"Hakuna mifupa, Bibi," nikasema. "Mbuzi yu hai, na tai yangu anayo. Nisindikizeni bucha nikawaambie wale watu, kabla hawajamgusa mzee."